Kompyuta ya mezani inawaka lakini haibuti: jua kwanza imekwama hatua gani

Umebonyeza swichi, taa ya mbele imewaka, feni inazunguka, lakini Windows haiji. Ukimpigia simu fundi wa mtaani, mara nyingi anatoa jibu kabla hata hajaiona mashine: "Hiyo tutaipiga Windows upya." Jibu hilo limefuta picha za harusi, tasnifu za wanafunzi na hesabu za maduka zilizokuwa salama kabisa ndani ya diski, kwa sababu ugonjwa ulikuwa kwingine: ramu iliyolegea, kebo iliyochomoka, betri ya saa iliyokwisha. Kwa hiyo kabla ya mengine yote ninaweka sharti moja. Usifomati chochote, wala usimruhusu mtu afomati, mpaka ujue mashine imekwama hatua gani.

Hatua nne za kuwaka

Kompyuta ikiwashwa hupita hatua nne, na hairuki hata moja. Ya kwanza ni umeme: pawa saplai inageuza umeme wa ukutani kuwa volti 12, 5 na 3.3, kisha inaipa mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, ishara kwamba umeme umetulia. Ya pili ni kujikagua: bayosi, ile programu ndogo inayokaa kwenye chipu ya mazabodi, inaangalia prosesa, ramu na kifaa cha picha. Ya tatu ni kutafuta diski yenye mfumo endeshi. Ya nne ndiyo Windows au Linux yenyewe kupakiwa.

Kupiga Windows upya kunagusa hatua ya nne peke yake. Mashine ambayo haijafika huko haitapona kwa dawa hiyo, hata ukiirudia mara kumi.

Kuzitenganisha hatua hizi hakuhitaji kifaa chochote. Ukiona viduara vya Windows vikizunguka, uko hatua ya nne. Ukiona maandishi meupe kwenye skrini nyeusi yanayosema hakuna kifaa cha kubutia, uko ya tatu. Nembo ya Dell, HP au Lenovo ikitokea halafu mashine ikaganda papo hapo, uko mpakani mwa ya pili na ya tatu. Na skrini ikiwa nyeusi tangu mwanzo, shaka yako iwe kwenye mbili za kwanza. Hapo fanya jaribio dogo: subiri kidogo, kisha bonyeza Num Lock kwenye kibodi. Taa yake ikiwaka na kuzimika kila unapobonyeza, mashine iko hai na imeshajikagua. Kinachokosekana ni picha tu, kwa hiyo shughulika na monita na kebo yake.

Kabla ya kufungua kasha

Chomoa kila kilichochomekwa kwenye USB isipokuwa kibodi: flashi, printa, modemu, chaja ya simu. Flashi iliyosahauliwa nyuma ya kasha inaweza kuifanya bayosi ijaribu kubuti kutoka humo na kukwama, na printa mbovu inaweza kuigandisha mashine kwenye nembo. Kisha zima, chomoa waya wa umeme ukutani, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili chaji iliyobaki itoke, rudisha waya, washa. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo, mazabodi wakati mwingine hubaki imeganda katika hali isiyoeleweka, na jambo hili pekee huifungua. Hakuna jaribio la bei nafuu kuliko hili.

Kama mashine imetoka Marekani na ni ya zamani, tazama nyuma ya pawa saplai. Zile za zamani zina kiswichi chekundu chenye maandishi 115 na 230. Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa volti 230 hadi 240, na kiswichi kilichobaki kwenye 115 huiua pawa saplai kwa mlipuko mara tu unapochomeka. Pawa saplai nyingi za miaka ya karibuni hujirekebisha zenyewe na hazina kiswichi hicho.

Ukifika wakati wa kufungua, chomoa umeme na uguse chuma cha kasha kabla ya kushika ramu au mazabodi, ili umeme tuli wa mwilini usiruke kwenye chipu. Pawa saplai yenyewe usiifungue kamwe. Ndani yake kuna kapasita inayohifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Inawaka, inazima, inawaka tena

Hapa angalia muda. Mashine inayozima baada ya sekunde moja au mbili inajilinda dhidi ya shoti au umeme usiotosha. Mashine inayodumu dakika kadhaa kisha ikazima, nayo ikiguswa ina joto, inajilinda dhidi ya kuungua.

Kwa ile ya sekunde mbili, anza na waya wa prosesa. Karibu na prosesa kuna plagi ya pini 4 au 8 inayoleta volti 12, mbali na ile plagi kubwa ya mazabodi yenye pini 24. Ikilegea, feni inaweza kuzunguka huku prosesa haina umeme. Baadaye chomoa vifaa kimoja kimoja: diski, kadi ya picha, kisomeo cha DVD. Ikitulia baada ya kuchomoa kimojawapo, umempata mhalifu. Isipotulia, pima pawa saplai kwa multimita: laini ya volti 12 inatakiwa kuwa kati ya 11.4 na 12.6, na ya volti 5 kati ya 4.75 na 5.25. Dell OptiPlex nyingi zina kitufe kidogo cha majaribio nyuma ya pawa saplai chenye taa ya kijani pembeni. Ukikibonyeza taa isiwake, chomoa plagi za ndani zote ujaribu tena. Ikiwaka sasa, pawa saplai ni nzima na shoti iko kwenye mashine. Isipowaka bado, pawa saplai ndiyo iliyokufa.

Usipuuze wadudu. Mjusi au chungu waliojenga ndani ya kasha lililokaa sakafuni ni chanzo halisi cha shoti, na tochi ya simu inatosha kuwaona.

Kwa ile ya joto, fungua uone kama feni ya prosesa inazunguka na kama hitisinki, kile kipande cha chuma kinachopoza prosesa, haijazibwa na vumbi. Puliza kwa bloa ukiwa umezuia feni kwa kidole isizunguke, ondoa hitisinki, futa pesti ya kupitisha joto iliyokauka kwa spiriti, na paka mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Angalia pia pini za plastiki zinazoshika hitisinki kwenye mashine za Intel. Moja ikivunjika hitisinki huinuka upande, na prosesa hupanda joto ndani ya sekunde.

Feni inazunguka, skrini nyeusi

Hili ndilo lalamiko la kila siku, na ndilo lenye sababu nyingi kuliko yote.

Anza nje. Monita iwe imewaka na imechaguliwa ingizo sahihi. Monita yenye VGA na HDMI inaweza kuwa inasubiri picha kwenye tundu ambalo hukuchomeka kitu. Kama kasha lina kadi ya picha iliyoongezwa, kebo ichomekwe kwenye kadi hiyo, kwa sababu mashine nyingi huzima tundu la mazabodi pale kadi inapokuwepo. Prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni, mfano i5-12400F, hazina picha ndani yake kabisa, na tundu la HDMI la mazabodi halitatoa chochote. Na kama unatumia kigeuzi cha bei ndogo kutoka DisplayPort kwenda VGA, jaribu monita nyingine bila kigeuzi kabla ya kulaumu kompyuta.

Sasa ramu. Ikiwa kuna kitu kimoja ambacho ningetaka kila mwenye kompyuta ajue kufanya mwenyewe, ni kutoa ramu na kuirudisha. Achia vishikio vya pembeni, itoe, sugua miguso yake ya rangi ya dhahabu kwa raba safi ya kufutia penseli, pangusa unga wa raba kwa kitambaa kikavu, puliza sloti, kisha ikandamize mpaka vishikio vijifunge vyenyewe kwa mlio. Ukiwa na ramu mbili, jaribu moja kwa wakati, na kila moja katika kila sloti. Mashine ikiwaka na moja na kugoma na nyingine, umemaliza. Ikigoma sloti fulani tu, tumia sloti nzima na uendelee na maisha.

Mombasa, Tanga, Unguja na kote mwambao ambako hewa ina chumvi, miguso ya ramu hupata kutu laini isiyoonekana kwa macho. Mashine iliyokaa miezi bila kuwashwa ndiyo huathirika zaidi, na kwa mashine hizo raba peke yake huwa tiba kamili.

Kama ramu ni mpya umenunua juzi, hakikisha aina. DDR3 ina pini 240, DDR4 ina 288, na pengo la katikati liko mahali tofauti, hivyo ukilazimisha utavunja sloti. Zipo pia ramu zinazoingia vizuri lakini hazikubaliwi, kwa mfano zile za seva ambazo mashine ya kawaida ya ofisini haizitambui.

Baada ya ramu, sikiliza na uangalie. Mashine haiwezi kukuandikia kitu kwenye skrini kabla picha haijapatikana, kwa hiyo huongea kwa milio na taa. HP Compaq za zamani hutoa mwako mwekundu na mlio kwa idadi: mara 2 ni joto, 3 ni prosesa, 4 ni umeme, 5 ni ramu, 6 ni picha. HP za baadaye, kama EliteDesk na ProDesk, huwaka nyekundu kwa muda mrefu kisha nyeupe kwa muda mfupi, na unahesabu zote mbili: nyekundu 3 na nyeupe 2 ni ramu, nyekundu 3 na nyeupe 3 ni picha. OptiPlex za zamani kama 755 na 780 zina taa nne zenye namba mbele, na mpangilio wa zinazowaka ndiyo ujumbe. OptiPlex mpya hutumia kitufe cha kuwashia kumweka rangi ya chungwa na nyeupe, lakini maana ya idadi inabadilika kati ya modeli na modeli, kwa hiyo hesabu, andika, kisha fungua kitabu cha modeli yako hasa kwenye tovuti ya Dell. Usitumie jedwali la modeli nyingine. Nimeona watu wakinunua prosesa kwa sababu ya jedwali lisilo la mashine yao.

Mazabodi za kujiunganishia, kama za ASUS na MSI, mara nyingi zina taa nne ndogo zenye maandishi CPU, DRAM, VGA na BOOT. Taa inayobaki imewaka ndiyo inayoonyesha mahali pa kutazama. Na kwa mashine mpya yenye ramu ya DDR5, subira: ikiwashwa mara ya kwanza au baada ya kubadilisha ramu, hasa kwenye AMD za soketi AM5, inaweza kukaa na skrini nyeusi kwa dakika kadhaa ikiipima ramu. Ukiizima katikati, inaanza upya.

Kama bado ni giza, futa kumbukumbu ya bayosi: chomoa umeme, toa betri ya saa, shikilia kitufe cha kuwashia, subiri dakika tano, rudisha. Soma kwanza sehemu ya "No bootable device" hapo chini kuhusu seting zinazopotea unapofanya hivyo. Baada ya hapo punguza mashine mpaka ibaki na prosesa, feni yake, ramu moja na kebo ya picha. Ikigoma katika hali hiyo kwa ramu unayojua ni nzima na pawa saplai unayojua ni nzima, wamebaki wawili, mazabodi na prosesa, na kati yao mazabodi ndiyo hufa mara nyingi zaidi.

Nembo inatokea, halafu inaganda

Chomoa kebo ya data ya diski, au toa SSD ya NVMe (diski nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi), kisha washa. Kama sasa inaingia kwenye bayosi bila shida, diski inayokufa ndiyo iliyokuwa ikiishikilia, kwa sababu bayosi huiuliza diski ilivyo na kusubiri jibu. Kama inaganda vilevile, rudi kwenye USB na ramu.

"No bootable device": usiamini haraka kwamba diski imekufa

Ujumbe huja kwa sura nyingi. HP huandika "Boot Device Not Found" na msimbo 3F0, nyingine "Reboot and select proper boot device", nyingine "Operating system not found". Zote zinasema kitu kimoja: bayosi imetafuta mfumo pale ilipoelekezwa, haikuukuta. Swali la kwanza ni kama ilielekezwa pahali sahihi, na hapa ndipo betri ya saa inapoingia.

Betri hiyo ni CR2032 ya volti 3, duara kama sarafu, na inauzwa hata kwenye vibanda vya mafundi saa. Kazi yake ni kuhifadhi saa na seting za bayosi wakati hakuna umeme. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, hata ikiwa imezimwa, umeme wa akiba wa pawa saplai hubeba kazi hiyo. Kwetu tunazima soketi kila jioni, na tunafanya vyema kwa sababu ya umeme unaorudi kwa nguvu usiku, lakini maana yake betri inafanya kazi usiku kucha kila siku. Mashine za mtumba nazo zimekaa kwenye ghala na kontena muda mrefu kabla ya kufika Kariakoo au Luthuli Avenue. Nyingi zinafika betri ikiwa taabani.

Dalili zake: saa na tarehe kurudi nyuma, ujumbe wa "Time-of-day not set" kwenye Dell au "163-Time & Date Not Set" kwenye HP, au kuombwa ubonyeze F1 kila asubuhi. Ipime kwa multimita. Mpya huonyesha volti 3 na ushee. Ikishuka chini ya 2.8 mimi huibadilisha bila kujadili.

Madhara ya betri kufa ni makubwa kuliko saa kupotea. Kwenye mashine nyingi seting zinarudi za kiwandani, na mbili kati yake huzuia Windows isibuti ingawa diski ni nzima.

Moja ni namna ya kuendesha diski. Kwenye OptiPlex nyingi seting ya kiwandani ya SATA Operation ni RAID On. Aliyekuwekea Windows huenda aliibadilisha kuwa AHCI. Betri ikifa, inarudi RAID On yenyewe, Windows inaanza kupakia, haiioni diski yake, na inakuletea skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Hapo ndipo wengi hufomati. Tiba ni kuingia bayosi kwa F2, kufungua System Configuration, kurudisha AHCI, kuhifadhi na kuwasha. Kama ilikuwa RAID On na mtu ameigeuza kuwa AHCI, fanya kinyume chake. Mafaili yako hayajaguswa.

Ya pili ni aina ya kubuti: UEFI au Legacy. Diski iliyogawanywa kwa mtindo wa GPT hubuti kwa UEFI, na ya mtindo wa MBR kwa Legacy. Zikipishana, bayosi inasema hakuna kitu, hata kama diski imejaa. Jaribu moja kisha nyingine. Ukitaka uhakika, buti kwa flashi ya kuwekea Windows, bonyeza Shift na F10 upate dirisha jeusi, andika diskpart kisha list disk. Diski yenye nyota chini ya safu ya Gpt inataka UEFI.

Menyu ya kuchagua kifaa cha kubutia hupatikana kwa F12 kwenye Dell na Lenovo, F9 kwenye HP, F11 kwenye MSI, F8 kwenye ASUS. Bayosi yenyewe ni F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP, F1 kwenye Lenovo za ofisini, na Delete kwenye mazabodi nyingi za kujiunganishia. Anza kubonyeza mfululizo mara tu baada ya kuwasha.

Ukiwa ndani ya bayosi, angalia kama jina la diski linaonekana. Likionekana, tatizo ni seting au mfumo. Lisipoonekana, badilisha kebo ya SATA, hamisha kwenye tundu jingine, jaribu plagi nyingine ya umeme, kisha ijaribu diski kwenye mashine nyingine. Lakini diski inayotoa mlio wa tak-tak-tak haina haja ya majaribio zaidi. Izime hapohapo, kwa sababu kila sekunde inayozunguka inaweza kuwa inakwaruza data. HP ikikuandikia "1720" na neno SMART, diski bado inasoma lakini inaaga. Toa mafaili leo.

Windows inaanza, haifiki

Viduara visivyokoma, "Automatic Repair" inayojirudia, au skrini ya bluu. Hapa vifaa vyako vingi vimeshajithibitisha, ingawa ramu na diski bado hazijaachiwa huru.

Tarehe 19 Julai 2024 ulimwengu uliona hatua hii ya nne ikianguka kwa wingi. Faili moja bovu la usasishaji kutoka kampuni ya ulinzi ya CrowdStrike liliingia kwenye mashine ambazo Microsoft ilizikadiria kuwa milioni 8.5, na zikawa zinawaka, zinaonyesha skrini ya bluu, zinajiwasha upya. Mazabodi, ramu na diski zilikuwa nzima. Tiba ilikuwa kuingia Safe Mode, ile hali ya Windows kuwaka na vitu vya lazima tu, na kufuta faili ambalo jina lake lilianza na C-00000291. Nalitaja kwa sababu ni kisa cha wazi kabisa cha mashine isiyobuti ambayo haikuhitaji kufomatiwa.

Njia ya kwenda Safe Mode: zima mashine kwa nguvu katikati ya kupakia, rudia mpaka Windows ilete menyu ya ukarabati, kisha Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings. Ikifika Safe Mode, ondoa programu au draiva iliyoingia mwisho. Kwenye menyu hiyohiyo kuna Startup Repair na Uninstall Updates, na zote mbili zinastahili jaribio kabla ya lolote kali.

Ukiombwa ufunguo wa tarakimu 48 wa BitLocker, ile kufuli ya Windows inayofunga data ya diski, usishtuke. Seting za bayosi zikibadilika, Windows inaweza kudhani diski imeibwa. Ufunguo mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyotumia kuanzishia mashine, na unaweza kuusoma kwa simu. Bila ufunguo huo data haifunguki, na fundi anayekuahidi vinginevyo anakudanganya.

Kama faili za kubutia zimeharibika, mfano ujumbe wa "BOOTMGR is missing", fungua dirisha jeusi kwenye flashi ya Windows na uandike bcdboot C:\Windows. Hakiki kwanza kwa amri ya dir kwamba Windows iko C kweli, kwa sababu katika mazingira hayo herufi huhama. Amri za bootrec zinazozunguka mtandaoni zinafaa zaidi diski za MBR. Kwenye GPT, bootrec /fixboot mara nyingi hukataa.

Kuhusu chkdsk /r, amri ya Windows ya kukagua diski, nina neno. Inasoma diski nzima sekta kwa sekta. Kwenye diski isiyo na ubovu ni salama, kwenye diski inayokufa ni kuimalizia. Toa mafaili kwanza.

Na skrini za bluu zenye misimbo tofauti kila mara huelekeza kwenye ramu. Weka MemTest86, programu ya kupima ramu, kwenye flashi, iache ipime usiku kucha. Hata kosa moja ni sababu ya kuibadilisha.

Kutoa mafaili kabla ya tiba kali

Kwa kompyuta nyingine andaa flashi ya Linux Mint au Ubuntu kwa programu ya Rufus au Ventoy, buti kwa hiyo na uchague kuijaribu bila kuisakinisha. Fungua diski yako, nakili nyaraka na picha kwenye diski ya nje. Linux ikikuambia diski inasomeka tu na haiandikiki, Windows iliilaza badala ya kuizima. Kusoma kunakutosha, endelea. Diski inayosuasua itolee kwanza nakala kamili kwa programu ya ddrescue, ambayo hupita sehemu zinazosomeka kabla ya kuhangaika na mbovu.

Njia nyingine ni kuichomoa diski na kuiunganisha kwenye kompyuta nzima kwa kebo ya SATA kwenda USB. Kebo hiyo inafaa kuwepo katika kila ofisi.

Baada ya hapo tu, kama hatua ya nne haikupona, piga Windows upya.

Ikibaki mazabodi

Angalia kapasita kwa macho. Kichwa kilichovimba au kuvuja uji wa kahawia ni hukumu. OptiPlex GX270 na GX280 za miaka ya 2003 hadi 2005 zilijulikana duniani kote kwa ugonjwa huo. Kapasita zinabadilishika kwa fundi mwenye mkono mzuri wa kulehemu, na kwa pawa saplai za maumbo ya pekee za Dell na HP kazi hiyo wakati mwingine hulipa, kwa kuwa pawa saplai ya kawaida haiingii wala plagi haifanani. Kwa mazabodi ya mashine ya mtumba, hesabu mara mbili: mara nyingi mashine nyingine nzima ya modeli ileile inakaribia bei ya mazabodi na ufundi, na diski yako ikihamishiwa humo, ukaweka seting ileile ya SATA na aina ileile ya kubuti, inawaka na kila kitu chako.

Ukiamua kwenda kwa fundi, andika kwenye karatasi modeli, hatua iliyokwama, idadi ya milio au miwako, na ulichokwisha jaribu. Diski itoe uiache nyumbani. Fundi wa mazabodi haihitaji: mashine ikifika kwenye bayosi, ikahesabu ramu yote na kulalamika kwamba haina diski, kazi yake imekamilika na unaweza kumlipa.